Seli ya Mafuta Inatii Amri ya Nani?

 

Leo tunazungumzia unene, na hasa ule ambao wataalamu wa lishe wanauita kiribatumbo: mafuta yaliyozidi mwilini hadi yakaanza kuharibu afya. Nimeichagua mada hii kwa sababu mitaani kwetu kuna kauli mbili zinazoumiza watu. Ya kwanza ni tusi: kwamba mtu mnene ni mlafi na mvivu, angetaka angepungua. Ya pili ni tangazo: kwamba kuna kidonge, matone au chai itakayokunenepesha pale unapopataka wewe, makalio yajae, tumbo libaki lilivyo. Kauli zote mbili zina shina moja, nalo ni kudhani kwamba mafuta ya mwili ni mzigo uliolala tu, hausikii na hausemi.

Sivyo, ndugu yangu. Seli ya mafuta iko hai. Inazaliwa, inakua, inapokea amri na yenyewe inatoa amri. Zinazoamuru ni homoni, na vinavyotekeleza ni vimeng'enya. Tukishaelewa amri hizo zinavyokwenda, utaona mwenyewe kwa nini tusi halijawahi kumpunguza mtu, na kwa nini kile kidonge cha mtaani ni hatari.

Wala hili si jambo la watu wa mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa anaishi na unene uliokithiri. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Ule wa mwaka 2022 ukakuta wanaikaribia nusu. Tanzania, utafiti wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta wanawake 28 kati ya kila 100. Hao ni mama zetu, dada zetu, na walimu wa watoto wetu.

Kabla hatujasonga, tuwekane sawa juu ya maneno mawili. Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi au kiungo fulani, ikaingia kwenye damu na kupeleka ujumbe kwa kiungo kingine kilicho mbali. Kongosho linatoa insulini, na insulini hiyo inafika hadi kwenye misuli ya mguu na mafuta ya kiunoni. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kemia mwilini. Chukua tonge la ugali bila mboga, litafune muda mrefu bila kumeza. Utaanza kusikia utamu. Ni kimeng'enya kilichomo kwenye mate, kimeshaanza kuuvunja wanga kuwa sukari. Kwa hiyo homoni huamuru, kimeng'enya hutenda.

Sasa tuitazame seli yenyewe. Seli ya mafuta iliyokomaa, ukiiweka chini ya hadubini, karibu yote ni tone moja la mafuta. Kiini chake, kile chenye jeni, kimesukumwa pembeni kikabanwa ukutani. Inaweza kuvimba hadi upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita na zaidi. Lakini ikishakomaa haigawanyiki tena. Seli mpya za mafuta hutoka kwa seli changa zilizojibanza kandokando ya mishipa midogo ya damu, ambazo asili yao ni ileile ya seli za mifupa na gegedu. Zinakaa hapo, zinasubiri kuambiwa.

Nani anayeziambia? Mwaka 1974 Howard Green na Olaniyi Kehinde, wakiwa chuo cha MIT nchini Marekani, walieleza koo za seli za panya ambazo zikitunzwa kwenye sahani ya maabara hugeuka na kujaa mafuta. Mmoja wa koo hizo, uitwao 3T3-L1, unatumika maabara hadi leo. Na maabara zina namna yao ya kuzihimiza seli hizo: wanazitilia insulini, wanazitilia steroidi iitwayo deksametasoni, na kemikali ya tatu inayozuia ujumbe wa ndani ya seli usizimike mapema. Zinalowekwa siku mbili tatu, kisha zinabadilishiwa maji ya kuzilisha. Ndani ya wiki moja hadi mbili, seli zilizokuwa ndefu na nyembamba zimekuwa za duara, zimejaa vitone vinavyong'aa. Mtafiti akimimina rangi nyekundu inayoshika mafuta, sahani inageuka nyekundu.

Ndani ya seli, amri hizo zinaishia kwa protini iitwayo PPAR-gama, na hiyo ndiyo yenye kauli ya mwisho. Mwaka 1994 kundi la Bruce Spiegelman mjini Boston lilionyesha kwamba ukiiweka protini hii ndani ya seli za kawaida, zisizo na habari na mafuta, ukaiamsha, nazo zinageuka kuwa seli za mafuta.

Naomba uyashike majina mawili ya hapo maabara: insulini na deksametasoni. Tutakutana nayo mtaani sasa hivi.

Tuanze na insulini. Fikiria ghala la nafaka lenye milango miwili, wa kuingizia na wa kutolea. Mlango wa kuingizia unasimamiwa na kimeng'enya kiitwacho lipasi ya lipoprotini, kinachokaa kwenye ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu. Mafuta ya chakula yanapopita na damu hayawezi kuingia ndani ya seli yakiwa mazima, ni makubwa mno. Kimeng'enya hiki huyakata, vipande vikaingia, na huko ndani vikaunganishwa upya na kuwekwa akiba. Mlango wa kutolea nao una vimeng'enya vyake, kikiwemo ATGL, ambacho watafiti wa Graz, nchini Austria, walikieleza mwaka 2004. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni kuivunja akiba ili moyo na misuli vipate nguvu.

Ukishakula, insulini hupanda. Inafungua mlango wa kuingizia na kuufunga wa kutolea. Ukilala, ukifunga, au ukilikimbilia basi, insulini hushuka, adrenalini hupanda, na mlango wa kutolea unafunguka. Mpango huu ni mzuri sana. Ndio uliowavusha wazee wetu kwenye misimu ya njaa. Lakini angalia siku ya mtu wa mjini leo: chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi asubuhi, soda saa nne, chipsi mayai mchana, juisi ya boksi jioni, na sahani ya wali saa nne usiku, halafu kitandani. Katikati ya hayo yote amekaa: kitini ofisini, kitini kwenye gari, kitini mbele ya televisheni. Kinachoingia kinazidi kinachotoka, siku baada ya siku, na insulini ikikaa juu muda mrefu, akiba inatoka kwa shida.

Kama unataka kuiona nguvu ya insulini kwa macho yako, muulize muuguzi yeyote wa kliniki ya kisukari. Mgonjwa anayejichoma insulini kila siku mahali palepale, tuseme vidole viwili pembeni ya kitovu, baada ya miezi anaota uvimbe hapo. Ukiubonyeza unanesa. Ni mafuta. Seli za mahali hapo zimepokea insulini nyingi kuliko za jirani, zikavimba. Wengi wanapapenda hapo kwa sababu sindano haiumi sana, kumbe dawa ikichomwa kwenye uvimbe haifyonzwi sawasawa, na sukari inapanda na kushuka ovyo. Ndiyo maana muuguzi anakusisitizia kuhamahama: sindano ya leo iwe mbali na ya jana, walau upana wa kidole, na kwenye uvimbe usirudi kabisa. Homoni moja, mahali pamoja, na mafuta yakaota hapohapo. Mtu huyo hakula zaidi upande ule wa tumbo.

Homoni ya pili ni kotisoli. Hii hutoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Hupanda alfajiri kutuandaa kwa ajili ya siku, na hupanda tukipata msukosuko. Mwaka 1932 daktari wa Marekani, Harvey Cushing, alieleza wagonjwa wa aina moja: uso umejaa ukawa duara, mafuta yamekusanyika tumboni na nyuma ya shingo, mikono na miguu imebaki myembamba, na ngozi ya tumbo imechanika michirizi ya zambarau. Baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni kotisoli iliyozidi. Zingatia hapo: homoni hii haimnenepeshi mtu kila mahali. Inachagua. Seli za mafuta ya ndani ya tumbo zina vipokezi vingi vya kotisoli kuliko zile za chini ya ngozi, kwa hiyo zinaisikia zaidi.

Na kuna kimeng'enya kinachozidisha mambo. Wataalamu wanakiita 11-beta-HSD1. Kazi yake ni kuichukua kotisoni, ambayo haina nguvu, na kuigeuza kuwa kotisoli yenye nguvu, humohumo ndani ya seli. Mwaka 2001 kundi la watafiti, akiwemo Hiroaki Masuzaki na Jeffrey Flier wa Boston, lilitangaza kwamba limetengeneza panya ambao kimeng'enya hiki kimezidishwa kwenye seli za mafuta tu. Panya hao waliota kitambi, wakapata kisukari, na mafuta yakazidi kwenye damu yao. Lakini ukipima homoni kwenye damu, iko kawaida. Yaani mtu anaweza kupimwa damu akaambiwa kotisoli yake haina shida, huku ndani ya mafuta ya tumbo lake hali ni nyingine.

Sasa lile jina la deksametasoni. Hiyo ni steroidi ya kiwandani inayofanya kazi ya kotisoli kwa nguvu takriban mara 25. Mikononi mwa daktari ni dawa ya thamani. Mwaka 2020 majaribio makubwa ya Uingereza yalionyesha kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa wa Uviko-19 waliokuwa wakihitaji oksijeni. Mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati huchomwa dawa hiyo ili mapafu ya mtoto yakomae. Dawa yenyewe haina kosa.

Kosa liko kwenye kuuzwa kiholela. Huko Kinshasa watafiti wameandika juu yake, na kwenye miji yetu mingi tunaiona: vidonge hivi vinauzwa kwa wasichana kama dawa ya kunenepa. Mara nyingi vinachanganywa na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Vinafungwa kwenye kipande cha karatasi au kimfuko cha nailoni, havina jina, havina tarehe. Msichana anaambiwa anywe usiku, asubiri, ataona. Na kweli ataona. Uso utajaa, mashavu yatang'aa, na majirani watamwambia amependeza, maisha yamemkubali. Wasichokijua ni kwamba wanaangalia kilekile kilichotokea kwenye sahani ya maabara, safari hii ndani ya mwili wa dada yetu. Seli changa zimetiliwa steroidi, zimeambiwa zigeuke, zimetii.

Na zikitii, mwili unalipa. Sukari inapanda. Presha inapanda. Mifupa inadhoofika. Kinga inashuka, kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Na tezi zile za juu ya figo, zikiona kazi yao inafanywa na kidonge, zinaacha kufanya kazi. Hapo ndipo penye mtego mkubwa. Mtu akiamua siku moja kuacha ghafla, mwili hauna kotisoli yake yenyewe. Presha inaweza kuporomoka, akazimia, hata akapoteza maisha. Kwa hiyo sikiliza vizuri, mdogo wangu unayenisikiliza ukiwa na vile vidonge kwenye mkoba: kama umevitumia kwa wiki kadhaa, usivitupe leo kwa sababu umenisikia mimi. Nenda hospitali, mwambie daktari ukweli, yeye atakupangia namna ya kupunguza polepole. Na wewe unayepaka mkorogo au krimu kali za kung'arisha ngozi, jua kwamba nyingi zina steroidi, kama klobetasoli, na ngozi inazinywa. Kuna watu wamepata uso wa duara na kisukari kwa kupaka tu.

Homoni ya tatu ni estrojeni. Hiyo ndiyo inayompa mwanamke mafuta ya nyonga na mapaja. Wakati wa ukomo wa hedhi inapopungua, mafuta huhamia tumboni, na wanawake wengi huona ajabu kwamba wanakula kama zamani lakini kiuno kimebadilika. Hapo pia kuna kimeng'enya, kiitwacho aromatasi, kinachopatikana ndani ya tishu ya mafuta. Kinachukua homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo, na kuzigeuza kuwa estrojeni. Ovari zikishapumzika, mafuta ndiyo yanayobaki chanzo kikuu cha homoni hiyo. Yakizidi, nayo inazidi, na hiyo ni sababu mojawapo kwa nini wanawake wanene waliokoma hedhi wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti na ya mji wa mimba. Mama yangu, ukiona damu baada ya hedhi kukoma, hata kama ni matone, usiseme labda imerudi. Nenda ukapimwe.

Mpaka hapa tumeona seli ikisikiliza. Sasa tuisikie ikisema.

Mwaka 1949, kwenye maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, walizaliwa panya waliokula bila kushiba wakanenepa kupita kiasi. Mtafiti Douglas Coleman aliiunganisha damu ya panya wa namna hiyo na ya panya wa kawaida. Yule mnene akapunguza kula, akapungua. Kulikuwa na kitu kwenye damu ya mwenzake ambacho yeye hakuwa nacho. Desemba 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza jeni inayotengeneza kitu hicho. Ni homoni, inaitwa leptini, na inatengenezwa na seli ya mafuta yenyewe. Kwa leptini seli inauambia ubongo: akiba ipo, unaweza kupunguza njaa.

Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly wakiwa miongoni mwao, walieleza watoto wawili, binamu. Mmoja alikuwa na miaka minane na kilo 86. Mwingine alikuwa na miaka miwili na kilo 29. Jeni yao ya leptini ilikuwa na kasoro. Miili imejaa akiba, lakini ubongo hauna habari, unaamini mtoto anakufa njaa, na unamsukuma atafute chakula usiku na mchana. Miaka miwili baadaye, madaktari hao walieleza jinsi msichana wa miaka tisa mwenye kilo 94.4 alivyochomwa leptini kila siku. Ndani ya miezi 12 alipungua kilo 16.4. Hakuchapwa, hakusimangwa, hakufungiwa kabati la chakula. Alipewa homoni iliyokosekana, na njaa ikatulia.

Kasoro ya namna hiyo ni nadra sana, na siwaambii kwamba kila mtu mnene anaumwa ugonjwa huo. Watu wengi wanene wana leptini tele kwenye damu, ila ubongo umekuwa mgumu kuisikia, na kuwaongezea hakuwasaidii. Lakini kisa hicho kilithibitisha jambo ambalo kila mzazi na kila mwalimu anapaswa kulijua: njaa ni amri ya kemia, na amri hiyo inaweza kukosewa.

Hata anayepungua kwa jasho lake anapambana na amri hizo. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza matokeo ya watu waliopunguza uzito kwa mlo mdogo sana wa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni zinazoleta njaa bado zilikuwa juu kuliko mwanzo, na leptini bado iko chini. Mwili ulikuwa unazidai kilo zake. Basi yule shemeji aliyepungua mwaka jana, na mwaka huu amerudi alikokuwa, msimcheke kwenye sherehe. Amepigana vita ambavyo ninyi hamkuviona.

Idadi ya seli hizi nayo ina habari yake. Kati ya miaka ya 1955 na 1963, majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa hewani yaliongeza kaboni-14 kwenye anga la dunia nzima. Mimea ikaivuta, watu wakala mimea na wanyama, na kila seli iliyozaliwa ikabeba kwenye DNA yake alama ya kiwango cha mwaka ule. Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, waliitumia alama hiyo kujua umri wa seli za mafuta za watu. Waligundua kwamba karibu asilimia 10 ya seli hizo hufa na kuzaliwa upya kila mwaka, na kwamba idadi yake hujengeka utotoni na ujanani, kisha kwa mtu mzima hubaki karibu palepale. Hata waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wakapungua sana, miaka miwili baadaye walikuwa na seli zilezile kwa idadi. Zilikuwa zimesinyaa tu, zinasubiri kujazwa.

Si kwamba mtu mzima haongezi kabisa. Mwaka 2010 watafiti wa Mayo Clinic walionyesha kwamba watu wazima wakilishwa kupita kiasi, tumbo hukua kwa seli kuvimba, lakini mapajani huzaliwa seli mpya. Hata hivyo, msingi unajengwa mapema. Seli za mafuta huanza kuonekana kwa mtoto akiwa tumboni, kuanzia mwezi wa nne wa mimba. Na kinachotokea huko kinadumu. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, magharibi mwa Uholanzi, watu waliteseka kwa njaa ya vita. Vijana wa kiume wapatao 300,000 walipopimwa wakiwa na miaka 19, waliokuwa tumboni nusu ya kwanza ya mimba wakati wa njaa ile walikuwa na unene zaidi ya wenzao. Njaa ya mama mwanzoni mwa mimba ilimwachia mtoto mwili unaojiwekea akiba. Kwa nchi zetu, ambako mama huweza kukosa chakula akiwa na mimba na mtoto akakulia mjini kwenye soda na chipsi, jambo hili linatuhusu moja kwa moja.

Huenda sasa unauliza: basi mafuta ni adui? Hapana. Kuna watu wanaozaliwa karibu bila tishu ya mafuta. Ungedhani wamebahatika. Kumbe wanapata kisukari kikali na ini lililojaa mafuta wakiwa bado vijana, kwa sababu mafuta ya chakula yakikosa seli ya kuyapokea, yanakwenda kukaa kwenye ini, kongosho na misuli. Kwa upande mwingine kuna dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni. Inaiamsha ileile PPAR-gama, na mgonjwa anaweza kuongezeka uzito huku sukari yake ikishuka, kwa kuwa amepata seli mpya ndogo za kupokea mafuta chini ya ngozi. Hatari inaanza pale seli zilizopo zimevimba hadi zimeshindwa. Seli iliyolemewa inaanza kumwaga mafuta na kemikali za uvimbe, insulini inakosa kusikilizwa, na kisukari kinabisha hodi. Ndiyo maana kiuno kinasema zaidi kuliko mizani. Chukua tepu ya fundi cherehani, jipime usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo. Mwanamke akizidi sentimita 80, mwanamume akizidi 94, ni wakati wa kupima sukari na presha.

Sasa tufanye nini na ujuzi huu? Mtu anayeelewa amri anaweza kuzibadilisha. Ukitembea kwa miguu dakika 30, misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila insulini nyingi, na mlango wa kutolea akiba unapata nafasi. Ukila mapema jioni na kuacha vinywaji vyenye sukari, unaipumzisha insulini. Ukilala usingizi wa kutosha, leptini inakaa mahali pake: mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wenye afya kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa siku mbili, leptini yao ikashuka na homoni ya njaa ikapanda. Wanaofanya kazi za zamu za usiku wanahitaji kusaidiwa kwa ratiba nzuri, hawahitaji kulaumiwa.

Zipo pia dawa mpya, kama semaglutidi, zinazoiga homoni ya utumbo na kuleta shibe. Zinasaidia watu wengi, lakini ni za kuandikiwa na daktari, na wengi wakiziacha uzito hurudi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi bandia. Usinunue sindano kwa mtu uliyemwona kwenye simu.

Kwenu wazazi: kwa kuwa seli nyingi zinajengeka utotoni, nguvu yetu iko huko. Mjamzito ale vizuri na apimwe sukari. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza. Akifika shule, chupa yake iwe ya maji, na apate uwanja wa kukimbia. Ninyi madiwani na kamati za shule, uwanja huo msiugawe viwanja, na vibanda vya soda msiviweke langoni mwa shule. Na wenzangu wa afya, mtu mnene akiingia chumbani mwako, kabla ya kumwambia apunguze kula, muulize anatumia dawa gani, analala saa ngapi, anapaka nini, na hedhi yake ikoje. Huenda jibu la unene wake liko hapo, na huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.

Muda wetu umekwisha, msikilizaji. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayetumia vidonge vya kunenepa visivyo na jina, kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya, na vidonge vyenyewe mwende navyo.